UZI: Skii pana na nyepesi za kupandia theluji ya unga, tuelewane kabla hujalipa

Msafiri_Kigamboni

Wakuu, salaam. Kila ikikaribia Oktoba napokea ujumbe kutoka kwa watu wa hapa Dar wanaoelekea Norway, Austria au Japani, wengine masomoni, wengine kwa ndugu zao. Wakishajifunza kuteleza kwenye vituo vyenye lifti, swali linalofuata huwa moja: "Nataka skii pana na nyepesi, za kupandia milima isiyo na lifti na kushukia theluji ya unga, ile mpya, kavu na laini. Ninunue ya milimita ngapi?" Nimeamua kulifungulia uzi, maana jibu la mstari mmoja linatia watu hasara. Skii mpya pamoja na bindingi (kifungio kinacholishika buti kwenye skii) na ngozi za kupandia zinakula mamilioni ya shilingi, na ukishazitoboa matundu ya bindingi hakuna duka linalozirudisha.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayepinga apinge. Wengi wanaanza na upana. Mimi nasema anza na uzito, tena uzito wa kila kitu kinachoning'inia mguuni: skii, bindingi, ngozi na buti. Upana uamuliwe baadaye, na uamuliwe na mlima unaokwenda.

Kwa ambaye hajaujua mchezo huu: hakuna mashine inayokupeleka juu. Unabandika chini ya skii kitambaa chenye manyoya yaliyolala upande mmoja, ndicho tunachokiita ngozi. Ukisukuma mbele kinateleza, ukitaka kurudi nyuma kinang'ang'ania. Kisigino kiko huru, kidole kimefungwa. Unapanda saa mbili, tatu, hata tano. Ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Kushuka kwenyewe ni dakika chache.

Sasa piga hesabu. Mlima wa mita 1,000 za kupanda, tuseme kila hatua inakuinua sentimita 15. Hizo ni hatua karibu 6,700. Skii yako ikizidi ya mwenzako gramu 500 kwa kila mguu, mpaka mnafika juu wewe umesukuma tani tatu na ushee zaidi yake, mzigo wa kenta nzima, na bado hujaanza kushuka. Ni kweli kwenye njia nzuri mguu unaburuzwa, haunyanyuliwi. Lakini kwenye kona kali, pale unapougeuza mguu mmoja hewani ndipo ufuatishe wa pili, uzito wote huo unaubeba kwa misuli ya nyonga.

Kwa hiyo ukiangalia skii yenye kiuno cha milimita 105 hadi 110 (kiuno ni pale katikati, chini ya buti) na urefu wa sentimita 180 hivi, angalia gramu za skii moja. Kati ya 1,400 na 1,600 ni nyepesi. Mpaka 1,800 bado inabebeka kama una mapaja. Ikigusa 2,000 hiyo ni skii ya kituoni, iache huko. Majina mengi yanakurahisishia upande wa upana: Atomic Backland 107 au Blizzard Zero G 105, ile namba ni kiuno kwa milimita. Gramu utazikuta kwenye maandishi madogo, na zinaandikwa kwa urefu mmoja tu, mara nyingi ule ambao siyo wako. Ukipata nafasi, beba mizani.

Wepesi nao una gharama yake. Skii ya mti laini na kaboni inaruka kama kijiti kwenye theluji ngumu. Unga ukiisha, ukakuta ukoko uliogandishwa na upepo, skii ya gramu 1,300 yenye upana huo inatetemeka mpaka kwenye meno. Ndiyo maana sishauri mtu anayejifunza akimbilie ile nyepesi kuliko zote dukani. Gramu 200 za ziada ndani ya skii zinakununulia utulivu. Gramu 200 hizohizo ndani ya bindingi kubwa hazikununulii utulivu wa aina hiyo.

Nitaendelea kadiri maswali yanavyokuja.

BintiSapporo

Kaka Msafiri, uzi umekuja wakati wake. Nakupinga kidogo tu. Umeandika kama mtu aliyepandia Norway. Huku Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, ukija na kiuno cha milimita 95 kwa sababu ni nyepesi, utapanda vizuri sana halafu utashuka umezama magotini.

Wenzetu wa Dar waelewe theluji ya huku inavyokuja. Baridi kavu inashuka kutoka Siberia, inapita juu ya Bahari ya Japani ambayo ina joto kuliko hiyo hewa, inanyonya unyevu, inagonga milima ya pwani na kumwaga. Inarudia hivyo siku baada ya siku, Desemba mpaka Februari. Niseko, eneo la skii la huku, kwa msimu wa kawaida hupokea zaidi ya mita 10. Na ni nyepesi mno: theluji mpya kavu inaweza kuwa kilo 50 hadi 100 kwa mita ya ujazo, wakati maji ni kilo 1,000. Ukikanyaga bila skii unazama mpaka kiunoni, kutoka humo ni kazi.

Halafu milima yetu siyo mirefu. Mlima Yotei wenyewe ni mita 1,898, na siku nyingi tunazunguka msituni katikati ya miti, unapanda mita 300, unashuka, unarudia. Miteremko ni ya upole. Hapo milimita 112 mpaka 118 zina maana kubwa, kwa sababu skii nyembamba kwenye mteremko wa upole inasimama kabisa, unabaki kusukuma kwa fimbo.

Msafiri_Kigamboni

Dada, hapo hatupingani. Ndiyo maana nimesema mlima uamue. Kwa Hokkaido ya Januari mimi mwenyewe ningechukua 112. Ila naomba wasomaji waone kitu kimoja ndani ya maelezo yako: mnapanda mita 300 kwa mkupuo. Mtu wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, anayekwenda milima ya Lyngen anaanzia usawa wa bahari na kupanda mita 1,000 na zaidi bila kupumzika, na juu kabisa anakuta upepo umeshaichakaza theluji. Huyo 118 itamtesa mara mbili, kupanda na kuvuka miteremko migumu.

Sababu ya hilo la pili ni hii. Unapovuka mteremko mgumu kwa ubavu, unasimamia ukingo wa chuma wa upande wa juu. Kadiri skii inavyokuwa pana, ukingo huo unakuwa mbali na katikati ya mguu wako. Kwenye 118 ni milimita 59, kwenye 96 ni 48. Buti linataka kupindukia nje, kifundo na goti vinashikilia. Fanya hivyo kwa saa nzima utaniambia.

Kuhusu kuelea kuna jambo watu hawaliangalii: urefu. Kutoka 95 kwenda 107 kwenye skii ya sentimita 180 unaongeza eneo la sentimita za mraba 200 na kidogo. Kuongeza urefu kwa sentimita 8 kunakupa kama 90, na nyingi zinakaa mbele ambako ndiko skii inakozama. Sasa mtu ananunua skii pana halafu anachukua fupi "kwa sababu ni pana inatosha". Amelipa upana kwa mkono mmoja, ameurudisha kwa mkono mwingine. Kwa skii za unga zenye ncha iliyoinuka, chukua urefu unaokaribia kimo chako, na kama una mwili mzito pita kidogo.

FundiKeko

Wakuu, mimi ni fundi samani Keko, theluji naiona kwenye runinga tu. Ila umesema mti laini na kaboni. Ni mti gani, na unashikaje skrubu? Mti mwepesi ninaoujua mimi ukikaza skrubu mara mbili unatoa unga.

Msafiri_Kigamboni

Fundi, umegusa penyewe.

Mti unaosifiwa kwa skii nyepesi ni paulownia, unakua haraka sana, asili yake Uchina. Ukikauka ni kilo 280 hadi 300 hivi kwa mita ya ujazo. Mninga ulio hapo kwenye karakana yako unapita 600. Popla, ambao nao wanautumia sana, uko 400 na kitu. Halafu kuna miti migumu ya Ulaya, ash na beech, uzito wake unakaribia ama kupita mninga.

Hawachukui ubao mmoja. Wanapasua fito nyembamba, wanazisimamisha ubavu kwa ubavu kwa urefu wote wa skii, wanaziunganisha kwa gundi, kisha wanaranda: katikati nene, ncha na mkia nyembamba. Chini wanalaza plastiki ya kutelezea na kingo za chuma, juu na chini ya mti wanaweka nguo ya faiba au kaboni iliyolowa epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu), wanabana yote kwenye mashine ya moto. Ile nguo ndiyo inayobeba mvutano na mkandamizo. Mti kazi yake ni kuzitenganisha hizo nguo mbili na kutuliza mtetemo.

Kwenye skrubu uko sahihi kabisa. Paulownia peke yake haishiki. Kwa hiyo pale chini ya buti wanachanganya fito za mti mgumu, au wanaweka tabaka la ziada la kuimarisha. Skii ikiwa nyepesi mno, uliza wamefanya nini hapo, kwa sababu mtu akianguka, nguvu yote ya mguu inapitia skrubu hizo. Msumari wa kutobolea ni wa milimita 3.5, kina milimita 9, na kekee ina kizuizi ili usipitilize. Kama juu kuna bati la aloi, unatumia wa 4.1. Tundu linamwagiwa gundi isiyopitisha maji kabla ya skrubu. Maji yakiingia mtini yakaganda, mti unavimba na tabaka linaachana.

FundiKeko

Nimekuelewa vizuri. Hata sisi kwenye mti laini skrubu haiingii bila gundi. Na mtu akibadilisha bindingi, tundu jipya na la zamani ziachane kiasi gani?

Msafiri_Kigamboni

Angalau sentimita moja, na la zamani lizibwe kwa kizibo na epoksi. Ndiyo maana anayenunua skii za mtumba lazima ahesabu matundu. Skii iliyotobolewa mara tatu mimi siinunui, hata ikiwa bei ya bure.

MamaWawili

Mwanangu wa kwanza yuko Trondheim, ameniambia mwaka huu anaanza hii michezo ya nje ya njia. Mimi hayo mambo ya milimita siyajui, naomba mniambie kitu kimoja tu, usalama wake ukoje? Nasikia theluji inaporomoka na kufunika watu.

BintiSapporo

Shikamoo mama. Ni kweli inaporomoka, na unafanya vyema kuuliza. Maporomoko mengi yanayoua hutokea kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, na hiyo ndiyo miteremko mizuri ya kushuka, kwa hiyo hatari haikai mbali na raha. Mtu akifunikwa, uwezekano wa kumtoa hai unashuka kwa kasi baada ya dakika kumi, kumi na tano za mwanzo. Helikopta haifiki ndani ya muda huo. Anayemwokoa ni mwenzake aliyeko palepale.

Kwa hiyo mwulize mambo haya, mama. Je, ana kifaa cha mwilini cha kutoa mawimbi ya kilohezi 457 ili wenzake wajue alipofunikwa, fimbo ndefu ya kupenyeza thelujini kumtafuta mtu, na koleo la chuma? Je, amesoma kozi? Asitoke peke yake. Na kila asubuhi asome taarifa ya hatari, Norway inatolewa bure kwenye varsom.no kwa ngazi 1 mpaka 5. Ngazi 3 ndiyo inayodanganya watu, wanaiona ya katikati, kumbe ajali nyingi za vifo zinatokea hapo.

Na kama fedha haitoshi kwa vyote, anunue hivyo vitatu kwanza na kozi, skii akodi.

Msafiri_Kigamboni

Naunga mkono neno kwa neno. Mama, mimi naongeza swali moja la kumwuliza mwanao: anageuka na kurudi nyumbani wenzake wakisema hali siyo nzuri? Kijana anayejibu "ndiyo" bila kusita ni kijana wa kutegemewa.

Kibo5895

Mimi ni mtu wa Moshi, nipo Dar kikazi, nimekuwa mpagazi kisha mwongozaji wa Kilimanjaro. Nimependa huu uzi. Vijana wengi hawajui kwamba skii zilishafika kwetu zamani. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa nazo wakashukia. Ile barafu ndogo ya kileleni inayoitwa Furtwängler imebeba jina lake, na wale tuliopita pale miaka hii tunaiona inavyokwisha. Tangu mwaka huohuo wa 1912 mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake.

Swali langu ni la hapa mjini. Ukirudi nazo Dar unazihifadhi wapi? Joto hili na chumvi hii.

Msafiri_Kigamboni

Mkuu wa mlima, karibu sana. Swali lako linaua vifaa vya watu wengi.

Maadui ni wawili. Wa kwanza ni chumvi ya pwani kwenye kingo za chuma. Kigamboni, Masaki, Mbezi Beach, kote huko chuma kinashika kutu upesi. Kausha kabisa, pangusa kingo kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, kisha yeyusha nta nene chini ya skii na kuifurika mpaka juu ya kingo, usiikwangue. Inakaa hivyo mpaka siku ya safari. Usizifungie kwenye mfuko uliotoka nao uwanja wa ndege ukiwa na unyevu, huo mfuko unapika kutu.

Wa pili ni joto kwenye gundi ya ngozi. Gundi hiyo imetengenezwa kwa baridi. Ukiiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani Posta inalainika, inahamia kwenye plastiki, na hutaitoa. Rudishia wavu wake katikati, kunja, weka kwenye mfuko mkavu uliofungwa vizuri, chumba chenye kivuli na kama kipo, kiyoyozi.

Skii zenyewe zilale au zisimame bila kubanwa kwa mkanda katikati. Ukizibana miezi minane unaupunguza ule upinde wake wa katikati.

Dogo_Sinza

Kaka, mimi naondoka Septemba kwenda Innsbruck, Austria, miaka miwili. Kilo 68, kimo sentimita 174. Nilijifunza nilipokuwa kwa mjomba, kituoni nashuka popote, nje ya njia bado mgeni. Nimeona mtandaoni za mtumba, kiuno 118, urefu 184, gramu 2,050, bindingi kubwa ya kisigino cha kituoni tayari imefungwa, bei nzuri mno. Nichukue?

Msafiri_Kigamboni

Usichukue, dogo. Hizo ni skii za Hokkaido, tena kwenye vituo vyenye lifti. Bindingi za namna hiyo nyingi zinakaribia gramu 900 kila moja. Jumlisha, ni karibu kilo tatu kwa mguu kabla ya buti na ngozi. Tirol, jimbo lenye Innsbruck, unapanda mita 1,000 au 1,200 kwa siku ya kawaida, asubuhi njia imeganda, na unga unaukuta kwenye miteremko inayotazama kaskazini tu.

Kwako tafuta kiuno cha 98 mpaka 103, urefu 174 hadi 178, gramu 1,350 mpaka 1,550. Kwa uzito wako hiyo inaelea vizuri, mtu wa kilo 90 ndiye angehitaji zaidi. Bindingi chukua ya pini, ule mfumo Mwaustria Fritz Barthel alioubuni miaka ya 1980: pini mbili mbele zinazoingia kwenye vijitundu vya buti, na mbili nyuma. Zenye breki zipo za gramu 300 hadi 400. Sharti buti liwe na hivyo vijitundu vya chuma, la kituoni la kawaida halina. Na upana wa breki uzidi kiuno kidogo tu. Kwa kiuno cha 100 breki ya 105 au 110 inatosha. Ya 130 itakuwa inakwaruza theluji na kukwama kwenye skii ya pili.

Dogo_Sinza

Nimeelewa kaka. Ngozi je? Kuna za mohea na za nailoni.

Msafiri_Kigamboni

Mohea (manyoya ya mbuzi) inateleza vizuri na ni nyepesi, nailoni inashika zaidi na inadumu. Mchanganyiko wa mohea 70 na nailoni 30 ndio unaomfaa mwanafunzi. Zikatwe kwa umbo la skii yako, kingo za chuma zibaki wazi kama milimita mbili kila upande, ukizifunika utateleza kwenye barafu. Na kabla ya Januari nunua kucha za chuma za kufunga chini ya buti kwa zile asubuhi ngumu. Nazo zina upana: kwa 100 huwezi kuvaa za 90.

BintiSapporo

Dogo, mimi naongeza moja. Fika kwanza. Maduka ya Innsbruck yanakodisha skii za kupandia. Kodi ya 95 wiki moja na ya 105 wiki nyingine, mlima uleule, ndipo ununue. Mwezi wa tatu na wa nne bei zinashuka, maduka yanasafisha stoo.

Dogo_Sinza

Sawa dada. Basi nitaanza na kozi ya maporomoko na vile vifaa vitatu, skii nakodi mpaka Machi. Kaka Msafiri, buti je, nalo nikodi?

Msafiri_Kigamboni

Buti nunua. Ndilo pekee ninalokwambia ununue mapema, tena mguuni, siyo mtandaoni. Nenda dukani jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, vaa soksi nyembamba moja, simama nalo nusu saa. Gramu 1,200 hadi 1,400 kwa buti moja, liwe gumu kiasi cha kuiamrisha skii ya 100. Kisha mpe fundi wa duka urefu wa soli, uzito, kimo na umri wako ili apange nguvu ya bindingi kukuachia ukianguka. Hilo usilifanye mwenyewe chumbani kwa bisibisi.